Mizani Inapogoma: Hotuba kwa Watumishi kuhusu Uzito Usiopungua

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Tawi, viongozi wa chama, watumishi wenzangu, mabibi na mabwana,

Nawashukuru kwa kunialika katika mkutano wenu wa mwaka hapa Dodoma, na nawashukuru zaidi kwa mada mliyonichagulia, kwa sababu ni mada ambayo sisi maofisa lishe tumezoea kuikwepa. Kwa kawaida tunaitwa kueleza jinsi ya kupunguza uzito, tunataja mboga na matunda, tunahimiza watu watembee, tunapigiwa makofi na kuondoka. Safari hii mmeniuliza swali gumu zaidi: kwa nini mtu aliyepunguza chakula, akajiunga na kikundi cha mazoezi, akavumilia hivyo miezi kadhaa, hupanda kwenye mizani na kukuta namba ileile ya Januari?

Swali hili limebeba ugomvi wa siku nyingi. Upande mmoja wa meza ya kliniki ameketi mtu anayesema, "Mimi hata sili, ni mwili wangu tu ulivyo." Upande wa pili ameketi mhudumu ambaye, hata asiposema kwa sauti, anawaza kwamba huyu ananidanganya. Mimi nimekaa upande huo wa pili kwa muda mrefu, na ninachotaka kukitetea mbele yenu leo ni kwamba wote wawili wana nusu ya ukweli. Chakula kinachoingia huwa kingi kuliko mlaji anavyoamini, na mwili nao hupigania uzito wake kwa nguvu ambayo mhudumu haioni. Tukiichukua nusu moja na kuiacha nyingine, tutaishia ama kumdhalilisha mgonjwa ama kumfariji bila kumsaidia.

Kabla sijaingia ndani, niondoe dhana moja. Wapo wanaodhani kwamba unene ni uzembe wa mtu mmoja mmoja. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, ilhali mwaka 2004/05 walikuwa asilimia 18. Tabia ya taifa zima haiwezi kugeuka ya kizembe ndani ya muda huo. Kilichogeuka ni maisha yanayotuzunguka: kazi za kukaa kutwa, bodaboda inayosubiri mlangoni, mafuta ya kupima katika kila genge, soda na juisi za chupa katika kila duka la mtaa. Na vilevile hatukuzaliwa sawa. Mwaka 1986 watafiti walichapisha matokeo yao kuhusu watu wa Denmark waliolelewa tangu utotoni na wazazi wasio wa damu yao, wakakuta kwamba maumbile ya watu hao yalifuata ya wazazi waliowazaa na si ya wale waliokuwa wakiwapakulia chakula. Kwa hiyo dada wawili wanaokula chungu kimoja wanaweza kuwa na miili miwili tofauti kabisa, na yule mwembamba hana haki ya kujisifu.

Sasa nianze na nusu ya kwanza ya ukweli, ile inayouma.

Mwaka 1992 ulichapishwa utafiti uliofanyika New York kwa watu waliodai hasa hiki tunachokizungumza: kwamba wanakula chini ya kilokalori 1200 kwa siku (kilokalori ni kipimo cha nishati iliyomo katika chakula) na hawapungui. Watafiti hawakubishana nao. Waliwapa maji yenye alama maalumu ya atomi, ambayo mabaki yake hupimwa katika mkojo ili kujua mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku zote 14, bila kumtegemea mtu kukumbuka chochote. Miili ya watu hao ilikutwa ikichoma nishati kama ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Lakini chakula walichoandika kwenye madaftari yao kilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 47 ya walichokula kweli, na mazoezi waliyoandika yalizidi ukweli kwa asilimia 51.

Mhudumu asiye na subira atasema, "Si niliwaambia!" Asikimbilie kucheka, maana mwaka 2002 kipimo hichohicho kiliwageukia wataalamu wa lishe wenyewe, watu waliosomea kupima chakula, na wao pia waliandika pungufu kwa zaidi ya kilokalori 200 kwa siku. Kama mwenye fani anasahau, mtu wa kawaida atakosaje kusahau? Hawa hawakuwa wakidanganya. Jicho la binadamu halikuumbwa kuona nishati.

Tuliangalie jambo hili kwa karibu, jikoni kwetu. Mama wa nyumba anapika mchicha na mchuzi wa maharage kwa ajili ya watu watano. Anakaanga kitunguu, anaunga, na mafuta anayomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu yanafika nusu kikombe kwa sufuria zote mbili. Nusu kikombe hicho kina zaidi ya kilokalori 1000. Kila mmoja wa wale watano amekula takriban kilokalori 200 za mafuta matupu, kabla hajahesabu ugali, na akiulizwa amekula nini atajibu kwa unyoofu kabisa: "Ugali kidogo na mchicha." Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kilokalori 120, iwe ni alizeti ya Singida, mawese au mafuta ya zeituni yaliyonunuliwa kwa bei ya kutisha. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9, wakati gramu moja ya wanga au ya protini hubeba 4. Kwa hiyo yule aliyekata ugali nusu na kuacha mchuzi ukielea mafuta amekata pale ambapo hapakuwa na mzigo mkubwa. Na mpishi mwenyewe ana hesabu yake ya ziada: ameonja chumvi, ameonja tena, amemalizia ukoko, na amekula kilichobaki kwenye sahani ya mtoto ili kisitupwe. Hakuna daftari lililowahi kuandikwa "kilichobaki kwa mtoto".

Ofisini kuna chai ya saa nne. Kijiko kimoja cha sukari kilichosawazishwa kina gramu 4, yaani kilokalori 16, na mtu anayeweka vijiko vitatu katika vikombe vinne kwa siku amekunywa kilokalori 190 hivi ambazo tumbo halikuzitambua kama chakula. Andazi na kitumbua vinaingia hapo. Kisha kipo kikao cha mchana, na katika utumishi wetu kikao kisicho na soda, sambusa na korosho huhesabiwa kuwa hakikufanyika.

Lipo pia suala la namna tunavyojinyima. Mtu anatangaza kwamba yuko kwenye dayati, anakunywa maji ya ndimu asubuhi, anaruka chakula cha mchana, na anafika nyumbani saa mbili usiku baada ya foleni akiwa na njaa ambayo hata mtakatifu asingeishinda. Anakula sahani moja ya wali, halafu anaongeza. Anachokumbuka kesho yake ni mateso ya mchana, na mateso hayo kwake ndiyo ushahidi kwamba alikula kidogo.

Kuhusu mazoezi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kuna kuvunjika moyo kukubwa zaidi.

Vikundi vya kukimbia asubuhi ya Jumamosi vimeenea katika miji yetu, na mimi navipenda kwa dhati. Fulana zimechapishwa jina la kikundi, nyimbo zinaimbwa barabarani, watu wanafahamiana. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 hutumia takriban kilokalori 400. Wakimaliza, wote hujipanga kwenye banda la supu ya mbuzi. Chapati mbili za kusukuma zilizokaangwa vizuri hubeba kilokalori 500 au zaidi, soda ya nusu lita huongeza 200 na ushee, na bakuli la supu lenyewe sijaligusa. Saa nne asubuhi mwanakikundi huyo amekwisha kula kuliko alivyokimbia, na ataishi siku nzima akijiona ana akiba.

Hata hivyo hesabu ya supu haitoshi kueleza kila kitu, na ushahidi mzuri kuliko wote umetoka hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Eyasi, kwa ndugu zetu Wahadzabe. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya nishati walivyovichukua kwa Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Wanaume walitembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, na wanawake karibu 6, wakichimba na kubeba mizigo. Kila mtu alitarajia kwamba watakuwa wanachoma nishati nyingi mno kuliko makarani wa Marekani. Ukubwa wa miili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia kwa siku haikuwa tofauti. Maelezo ambayo Pontzer ameyatoa tangu hapo ni kwamba mwili una bajeti: ukitumia nyingi kwa kutembea, hubana matumizi katika shughuli nyingine za ndani, na hivyo jumla ya siku haipandi sawasawa na jasho lililotoka. Wanasayansi bado wanabishania ukubwa wa kubana huko, lakini hakuna anayebisha kwamba mazoezi peke yake hupunguza kilo chache kuliko matangazo ya kumbi za mazoezi yanavyoahidi.

Msije mkatoka hapa mkisema afisa lishe amewakataza kukimbia. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, husaidia mwili kutumia sukari, hutunza misuli na huleta usingizi, na faida hizo humfikia hata yule ambaye mizani yake haikusogea hata robo kilo. Isitoshe, mazoezi yana kazi nyingine baada ya kupungua. Marekani kuna rejista iliyoanzishwa mwaka 1994 ya watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kuzizuia zisirudi kwa mwaka mmoja au zaidi, na wengi wao wana desturi ya kufanya mazoezi takriban saa moja kila siku na kujipima uzito mara kwa mara. Kwa maneno mengine, chakula ndicho hufanya kazi kubwa ya kushusha uzito, na miguu ndiyo hufanya kazi kubwa ya kuulinda usirudi. Tukivigawia majukumu kwa kinyume, tunavionea vyote viwili.

Naingia sasa katika nusu ya pili ya ukweli, ambayo mhudumu hupaswa kuijua kabla hajamkodolea mtu macho.

Mwishoni mwa vita kuu ya pili, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya njema, waliojitolea, kwa muda wa wiki 24. Walipewa takriban kilokalori 1600 kwa siku. Naomba muiangalie namba hiyo tena, kwa sababu karatasi nyingi za dayati zinazosambazwa kwenye simu zenu zinaamuru 1200 au hata 800. Vijana wale walipoteza karibu robo ya uzito wao, lakini miili yao nayo ilijibu: kasi ya kuchoma nishati ilishuka sana, walihisi baridi, walichoka, hamu ya mambo mengine ya maisha iliondoka, na mawazo yao yote yakahamia kwenye chakula hata wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya. Waliporuhusiwa kula, walikula kupita kiasi, na mafuta ya mwili yalirudi haraka kuliko misuli.

Namna mwili unavyofanya hivyo imeeleweka zaidi tangu mwaka 1994, pale kundi la Jeffrey Friedman lilipogundua homoni ya leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta ya mwili na kuuarifu ubongo kuhusu ukubwa wa akiba. Akiba ikipungua, leptini hushuka, ubongo huchukulia kwamba njaa imeingia nchini, na huanza kubana matumizi na kuongeza hamu ya kula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 huko Australia ulifuatilia watu waliopungua kwa mpango mkali wa wiki 10, na mwaka mzima baadaye homoni zao za njaa zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya mwanzo. Kevin Hall na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kwa kila kilo moja inayopungua, hamu ya kula huongezeka kwa takriban kilokalori 100 kwa siku, wakati matumizi ya mwili hushuka kwa kilokalori 20 hadi 30. Chukueni mtu aliyepungua kilo 6. Kila siku anaamka akisukumwa kula kilokalori 600 zaidi ya zamani, huku mwili wake ukitumia pungufu. Akirudi kula kama alivyokuwa akila mwaka juzi, ananenepa. Na jirani atasema ameshindwa kujizuia, wakati kwa hakika anajizuia kuliko jirani huyo.

Mwaka huohuo wa 2016 Hall alitoa matokeo ya watu 14 waliokuwa wameshiriki shindano la televisheni la kupunguza uzito huko Marekani. Walipungua wastani wa kilo 58 ndani ya miezi michache kwa mazoezi ya kutwa. Miaka sita baadaye walikuwa wamerudisha kilo 41 kati ya hizo, na miili yao ikiwa imepumzika ilikuwa ikichoma takriban kilokalori 500 pungufu ya ilivyotarajiwa kwa ukubwa wao. Kasi ile tuliyoishangilia kwenye runinga ililipiwa kwa bei hiyo.

Kuna kisingizio kimoja ambacho sayansi imekiondoa, nacho ni kile cha umri. "Nimefika arobaini, mwili hauchomi tena." Mwaka 2021 vipimo vya watu zaidi ya 6400 kutoka nchi 29 vilionyesha kwamba, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, matumizi ya nishati hayabadiliki kati ya miaka 20 na 60. Kinachobadilika katika umri wa arobaini ni cheo, gari, usingizi, misuli na idadi ya vikao vyenye sambusa. Kwa akina mama, kukoma hedhi huhamisha mafuta kutoka mapajani kuja tumboni, na hilo ni la kweli, lakini ni jambo tofauti.

Usingizi nimeutaja kwa makusudi. Mwaka 2004, katika Chuo Kikuu cha Chicago, vijana waliolala saa 4 tu kwa usiku mbili walikutwa leptini imeshuka kwa asilimia 18 na grelini, homoni inayochochea njaa, imepanda kwa asilimia 28, ikilinganishwa na walipolala saa 10. Mtumishi anayeamka saa kumi alfajiri kuandaa watoto wa shule na kulala saa sita usiku baada ya kumaliza kazi za ofisi kwenye kompyuta, hana tatizo la nidhamu. Nidhamu anayo kupita kiasi.

Jambo ambalo ningependa kila mmoja wenu alitazame kabla ya kujilaumu ni dawa anazotumia. Prednisoloni na deksamethasoni, dawa za kutuliza uvimbe na mzio, huongeza hamu ya kula na kujaza mwili, na hapa naomba niseme bila kumung'unya: zipo dawa za kunenepesha zinazouzwa kienyeji kwa mabinti kwa ajili ya makalio na mashavu, na baadhi yake zina deksamethasoni ndani. Insulini na glibenklamidi, zinazotibu kisukari, zinaweza kuongeza kilo. Kadhalika amitriptilini, olanzapini na valproeti zinazotolewa kwa magonjwa ya akili, maumivu au kifafa. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwanenepesha baadhi ya wanawake, si wote. Na kwa wenzetu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini na Kameruni, matokeo yakatoka mwaka 2019, yalionyesha kwamba wanaotumia dolutegraviri huongezeka uzito kuliko waliokuwa kwenye dawa za zamani, hasa wanawake. Dawa hiyo inaokoa maisha na inafanya kazi vizuri sana, na hakuna hata moja kati ya hizi nilizotaja ambayo mtu anapaswa kuiacha mwenyewe. Prednisoloni iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuua. Linalotakiwa ni kuiweka dawa mezani mbele ya daktari na kuuliza kama kuna badala yake.

Magonjwa yanayozuia uzito kushuka yapo, ila ni machache kuliko mitandao inavyosema. Tezi ya thairoidi iliyolegea huleta uchovu, baridi, ngozi kavu na kilo chache, sehemu kubwa ikiwa ni maji na chumvi. Haimwongezei mtu kilo 30. Mwanamke mwenye hedhi zisizoeleweka, nywele kidevuni na chunusi zisizoisha apimwe tatizo la ovari zenye vifuko vidogo vingi. Mtu mwenye uso uliojaa, mikono na miguu iliyokonda na michirizi mipana ya rangi ya zambarau tumboni asihangaike na dayati, aende hospitali.

Nirudi kwenye jamii, kwa sababu kuna kikwazo ambacho sijakikuta katika vitabu vya wenzetu wa Ulaya. Kwetu mtu akinenepa huambiwa mambo yake yamekaa vizuri. Akipungua kilo 7 alizozihangaikia, anapokelewa ofisini kwa maswali: "Mbona umekwisha hivyo? Unaumwa? Una mawazo?" Wenye ulimi mrefu wanakwenda kunong'ona kuhusu UKIMWI, na wakwe wanamtazama mume kana kwamba hatunzi. Nimewaona watu, hasa wanawake walioolewa karibuni, ambao waliamua kurudisha kilo zao ili kunyamazisha midomo. Mwenzako akipungua, mwache. Akitaka kukueleza atakueleza.

Sasa mtu atarajie nini? Hesabu ya zamani, inayosema ukikata kilokalori 7700 umepoteza kilo moja, na kwa hiyo ukikata 500 kila siku utapungua nusu kilo kila wiki daima, imewaumiza wengi, kwa kuwa haikuzingatia kwamba mwili unaopungua hupunguza matumizi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2011 na kundi la Hall ni ya taratibu zaidi: kupunguza kilokalori 24 kwa siku, moja kwa moja, huleta hatimaye upungufu wa kilo 1, na karibu nusu yake hupatikana katika mwaka wa kwanza. Aliyepunguza 240 kwa siku, yaani vijiko viwili vya mafuta, atarajie kilo 5 hivi kwa mwaka na nyingine katika miaka inayofuata. Zile kilo 3 za wiki ya kwanza zilizokufurahisha zilikuwa kwa sehemu kubwa maji yaliyoshikana na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini. Zikishakwisha, mwendo unapungua, na watu wengi huacha palepale, wiki ambayo mafuta ndiyo kwanza yameanza kupungua.

Na kilo 5 si ndogo. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa mwaka 2002, lengo lilikuwa kupungua asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na walioelekezwa hivyo walipungukiwa hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo 6 na kitu. Hakuna atakayemshangaa barabarani, lakini kongosho lake litajua.

Mmenitumia maswali kuhusu sindano mpya. Semaglutaidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, ni dawa ya kweli: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021 waliochomwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 katika wiki 68, na waliopewa sindano isiyo na dawa asilimia 2 na ushee. Inafanya kazi kwa kuituliza njaa ileile niliyoieleza, jambo linalothibitisha kwamba njaa hiyo haikuwa utovu wa adabu. Lakini walioiacha walirudisha thuluthi mbili za walichopoteza ndani ya mwaka mmoja, bei yake haikutungwa kwa mshahara wetu, na Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia. Anayeuziwa kupitia ujumbe wa simu, bila cheti cha daktari, hajui anachojidunga. Ama chai za kukata tumbo, nyingi zinakuharisha tu, na mizani husoma choo na maji uliyopoteza.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ninayo maombi machache kwa ofisi yako, na nayatoa nikijua kwamba bajeti ya viburudisho hujadiliwa kwa hisia kali. Katika vikao, maji na matunda ya msimu yawe ndiyo kawaida, na soda iombwe na anayeitaka. Birika la chai liletwe bila sukari, kila mtu ajiwekee. Anayetoka mapema kwenda kliniki ya kisukari au shinikizo la damu asihesabiwe mtoro. Na yale mashindano ya kupunguza uzito kati ya idara, ambayo nimesikia yanapangwa kwa zawadi ya fedha, nashauri yafutwe. Mtamzawadia anayejinyima maji siku ya kupimwa.

Kwa mtu mmoja mmoja, anayetaka kujua kwa nini mizani yake imegoma, kazi ya kwanza ni ya wiki moja tu: apime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina, aandike kila kinachopita mdomoni pamoja na cha kuonja na cha mtoto, na asibadilishe chochote kingine. Aongeze maharage, dagaa, mayai au samaki katika mlo wa mchana ili njaa ya usiku isimtawale. Ajipime asubuhi, na alinganishe wastani wa wiki kwa wiki, kwa kuwa kilo moja au mbili za kupanda na kushuka kila siku ni maji, na kwa wanawake hufuata pia mzunguko wa hedhi. Kiuno akipime kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamke aliyezidi sentimita 80 na mwanamume aliyezidi 94 wana sababu ya kupima sukari na shinikizo la damu hata kama uzito wao hauwasumbui.

Wenzangu wa kituo cha afya wamefungua meza mbili chini ya turubai upande wa kushoto, moja ya kiuno na shinikizo la damu, na nyingine ya dawa, ambako daktari ataziangalia dawa zenu zote, za hospitali na za kienyeji. Watakuwepo mpaka saa tisa alasiri. Ambao dawa zao ziko nyumbani wapige picha za maboksi na waje nazo kwenye simu.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.